Siku ya wazazi mwezi wa Julai: wanafunzi 54, wiki tatu, na ukuta wa chokaa

TichaUmoja

Hamjambo walimu. Siku ya wazazi shuleni kwetu ni Ijumaa ya katikati ya Julai, wiki tatu kutoka sasa. Nina Gredi 4, wanafunzi 54, vipindi viwili vya sanaa kwa wiki, dakika 35 kila kimoja. Nimepewa shilingi 3,000 za vifaa vyote, na mwalimu mkuu ametahadharisha kwamba wazazi wasitumiwe tena orodha ya kununua.

Nimefikiria kazi tatu: picha moja kubwa ya darasa zima, vinyago vya magazeti, na kitu cha kuchapa kwa rangi. Nina maswali matatu. Vinyago vitakauka kwa baridi hii? Picha kubwa niigaweje ili kila mtoto awe na sehemu yake? Na nitundike vipi? Ukuta wetu nusu ya chini ni rangi ya mafuta, nusu ya juu ni chokaa ambayo ukiigusa mkono unatoka mweupe. Seloteipu haishiki hata saa moja.

Gundi_ya_Ngano

Mwalimu, hesabu muda kwanza. Vipindi sita vya dakika 35, na kila kimoja dakika kumi zinaishia kwenye kugawa vifaa na kuosha brashi. Unabaki na dakika 150. Kazi tatu hazitaingia humo. Chagua mbili, na mimi ningeviacha vinyago.

Juni hadi Agosti hapa Nairobi kuna siku jua halionekani kutwa nzima. Tabaka nne za gazeti lililoloweshwa gundi, ambazo Januari zinakauka bila shida, Julai zinakuwa kavu juu na mbichi ndani. Ukipaka rangi zikiwa hivyo, rangi itapasuka. Ukizifungia kabatini Ijumaa, Jumatatu utafungua kabati unuke ukungu.

Kama lazima viwepo, fanya hivi. Leo tabaka mbili tu, siku mbili baadaye mbili nyingine. Vipande viwe na upana wa sm 3, na vichanwe kwa mkono badala ya kukatwa kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa unalala vizuri juu ya mwenzake na alama haionekani ukishapaka rangi. Gazeti huchanika moja kwa moja upande mmoja tu, kwa kawaida kutoka juu kwenda chini; ukilichana kwa upana litakwenda linakotaka lenyewe. Usitumie baluni. Usiku wa baridi hewa ndani yake inapungua, na karatasi iliyo juu inakunjamana kabla haijashika. Bakuli la plastiki lililopakwa mafuta ya kujipaka linatosha, na kinyago kinatoka bila kuvutwa.

Gundi ya kupika: kikombe kimoja cha unga wa ngano koroga na kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha vikombe vinne vya maji, mimina mchanganyiko huku unakoroga, acha utokote dakika tatu hadi nne. Ikiacha weupe na kuanza kung'aa, epua. Tia vijiko viwili vya chumvi ili isichachuke haraka. Nusu kilo ya unga, yaani vikombe vinne, inakupa karibu lita tano, na makundi tisa ya watoto sita hayatazimaliza. Gundi ya unga usiopikwa inashika kidogo na inaacha vumbi jeupe ikikauka, hata kama wengi huitumia kwa kuwa ni rahisi.

Sasa picha kubwa. 54 ni 9 mara 6, kwa hiyo hesabu imekukubali. Tafuta mchoro mmoja wenye maumbo machache makubwa: twiga wawili wa Mbuga ya Nairobi na majengo ya jiji nyuma yao, kwa mfano. Uchore kwenye karatasi ya sm 18 kwa sm 12, kisha upigie mistari ya miraba ya sm 2. Utapata miraba 54. Kila mraba mdogo unakuzwa mara kumi kwenye kipande cha manila cha sm 20 kwa sm 20. Manila ya A4 ina upana wa sm 21, kwa hiyo kila karatasi inatoa kipande kimoja. Picha ikiunganishwa itakuwa sm 180 kwa sm 120.

Nyuma ya kila kipande andika herufi ya safu na nambari, A1 hadi F9, na mshale unaoonyesha juu ni wapi. Usiuruke mshale. Kipande cha anga kikigeuzwa hakuna atakayejua, lakini cha shingo ya twiga kikigeuzwa utahangaika asubuhi ya siku yenyewe.

Picha za namna hii huharibikia kwenye mipaka. Kila mtoto anachora mstari wake, na mistari haikutani. Kabla ya kuchora chochote, majirani waweke vipande vyao ubavu kwa ubavu na kutia vitone mahali mstari unapovuka ukingo, kitone kimoja kwa kila mmoja, vikitazamana. Safu kwa safu kwanza, halafu safu ya juu na ya chini yake. Kazi hiyo inakula kipindi kizima. Usiifupishe.

Rangi ya anga na ya nyasi uichanganye wewe, mara moja, kwenye chupa kubwa. Lita moja na nusu ya samawati inatosha anga lote na ziada kidogo. Ukiwaachia watoto kila mmoja atengeneze samawati yake, utapata anga la viraka. Ndani ya twiga na majengo, waache huru kabisa: madoa, mistari, madirisha ya zambarau. Hapo ndipo mkono wa mtoto unapoonekana, na mzazi anautafuta huo kabla hajaitazama picha nzima.

TichaUmoja

Asante sana, Mwalimu. Vinyago nimeviacha. Na mtoto asipokuja siku ya kupaka rangi? Nina wawili watatu ambao hukosekana kila wiki.

Gundi_ya_Ngano

Kata vipande 60, si 54. Hivyo sita vya ziada ni vya watakaoharibu. Cha asiyekuja kibaki na jina lake hadi wiki ya mwisho. Asiporudi, jirani yake anayemaliza haraka akichore na majina yote mawili yaandikwe. Usikimalize wewe. Mstari wa mwalimu unajulikana hata kwa mbali.

Jambo jingine: manila ikipakwa rangi ya majimaji upande mmoja hujikunja. Ikikauka ilaze kati ya magazeti chini ya rundo la vitabu usiku mmoja. Kuunganisha, pindua vipande vyote kifudifudi sakafuni, ubandike masking tepu nyuma, mlalo kwanza halafu wima. Fanya paneli mbili za safu tatu tatu, kila moja sm 180 kwa sm 60, ndipo zitapita mlangoni bila kukunjwa. Baada ya siku ya wazazi tepu inakatwa na kila mtoto anabeba kipande chake nyumbani.

Pindo_na_Mji

Kwa kazi ya kuchapa, fanyeni leso (kanga) za karatasi. Watoto wanazijua, mama zao wanazijua, na muundo wenyewe una kanuni: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani msemo, kwenye sehemu ya chini ya mji. Mtoto wa miaka tisa au kumi anahitaji kanuni kama hiyo. Ukimwambia "chapa unavyotaka", dakika tano baadaye karatasi yote ni rangi ya tope.

Vipimo nimevipanga visiwasumbue. Chukua karatasi ya A3 na uikate iwe sm 40 kwa sm 28. Muhuri wa pindo uwe mraba wa sm 4. Hapo upande mrefu unachukua mihuri 10 kamili na upande mfupi 7. Ukizunguka pande zote bila kurudia pembe unapata mihuri 30, na mji unabaki sm 32 kwa sm 20. Ukiacha karatasi ilivyo, sm 42 kwa 29.7, muhuri wa mwisho wa kila upande utakatika nusu na mtoto atalia.

Mihuri: wengi hutumia viazi. Kiazi kina maji. Usipokifuta kwa kitambaa kikavu baada ya kukikata, chapa tatu za kwanza zinatoka hafifu kama zimeoshwa. Kesho yake kimenywea, na sm 4 zako zimekuwa tatu na kitu. Pia kuna wazazi wasiopenda kuona chakula kinachezewa, na siwezi kuwalaumu kwa bei ya viazi ilivyo. Tumia sponji la godoro. Mafundi wa makochi huwa na mabaki, na wengi watakupa bure. Kata kipande cha sm 4 kwa 4, urefu sm 5, ili vidole vishike juu na visiguse rangi. Umbo likatwe kwa mkasi kwenye uso wa chini, kina cha sm 1: pembetatu, msalaba, nusu mwezi. Ukitaka mistari myembamba zaidi, soli za slipa zilizokatika huchongeka vizuri, ila hapo ni wembe, na wembe ni wa mwalimu peke yake, nyumbani, kabla ya kipindi.

Kwa mji, bamia inaruhusiwa hata na mimi ninayekataa viazi. Bamia moja iliyokomaa na kuwa ngumu, isiyofaa kwa mboga tena, ukiikata kwa upana inatoa ua lenye vyumba vitano au zaidi. Bamia tano zinatosha darasa zima. Ifute ute wake kwanza.

Rangi ya unga ndiyo nafuu. Kipimo kimoja cha unga kwa kipimo kimoja cha maji, halafu ongeza unga hadi iwe nzito kama maziwa mala. Tia kijiko kimoja cha gundi nyeupe ya mbao kwa kila kikombe. Bila gundi, rangi hiyo ikikauka inahamia kwenye vidole na shati la mgeni anayegusa. Na watagusa. Usimruhusu mtoto kuchovya muhuri kwenye kikombe. Weka sponji nyembamba kwenye kifuniko cha ndoo, mimina rangi juu yake, muhuri ugongwe hapo kisha kwenye karatasi. Ukigongwa mara moja unatoa chapa mbili, pengine tatu. Muhuri ukizama kwenye rangi, umbo lote linajaa na chapa inatoka doa tu.

Mpangilio wa kazi: penseli kwanza, mistari ya pindo na kisanduku cha jina. Halafu pembe nne. Halafu kila upande kutoka pembeni kwenda katikati, ndipo kosa la nafasi likiwapo litagawanyika badala ya kurundikana mwishoni. Mji baadaye. Jina mwisho, rangi ikiwa imekauka kabisa, yaani kipindi kingine.

Jina liandikwe kwa herufi kubwa kama leso zenyewe. Kisanduku cha sm 20 kwa sm 3, kila herufi na kila nafasi wazi ipewe sm 1. Kwa hiyo msemo usizidi alama 20. HABA NA HABA ina 12, inakaa vizuri. HARAKA HARAKA HAINA BARAKA ina 26, itabidi ipangwe mistari miwili. Wahesabu wenyewe kwenye daftari la hesabu la miraba kabla hawajashika karatasi nzuri. Na usome kila msemo kabla haujawekwa kalamu ya wino. Kosa la tahajia kwenye daftari halimshughulishi mtu, lakini likiwa na herufi za sentimita moja na nusu litapigwa picha na kusambazwa kwenye kundi la wazazi kabla ya chai.

Leso huuzwa jozi. Watoto wawili wa dawati moja wafanye pindo na mji mmoja, kila mtu na jina lake. Unahitaji seti 27 za mihuri badala ya 54, na wanalazimika kukubaliana rangi.

Maboksi_Tu

Naongeza kitu cha kona, kwa klabu ya sanaa au wale wanaomaliza mapema, kisichogharimu chochote: jiji la kadibodi. Maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue yana maboksi makubwa. Omba mchana wakati wa kufungua mizigo, jioni yameshachukuliwa.

Boksi lenye maandishi ya rangi usilipake juu ya maandishi, kwa sababu ule uso unaong'aa unakataa rangi ya maji. Fungua kiungo chake kilichogundishwa, ligeuze ndani nje, uligundishe tena. Upande wa kahawia unapokea rangi mara moja. Pakiti za maziwa ni ngumu zaidi, zina plastiki ndani na nje. Zifunge kwa karatasi kama zawadi, ndipo upake.

Chagueni kipimo kimoja, sm 1 kwa mita 2. KICC, lile jumba la mikutano, yenye mita 105 inakuwa sm 53, Times Tower yenye mita 140 inakuwa sm 70, na Britam Tower kule Upper Hill, mita 200, inafika mita moja kamili. Kwa KICC, lowesha upande mmoja wa kadibodi kwa kitambaa chenye maji, subiri dakika mbili, bambua karatasi ya juu. Mistari ya ndani iliyojikunjakunja inatokea. Izungushe mistari ikiwa wima na utapata zile mbavu za mnara bila kuchora hata moja. Paka rangi ya udongo uliochomwa. Ukumbi ule wa pembeni wenye umbo la ua lililofumba ni koni ya manila yenye mikunjo. Kwenye kibandiko waandike kwamba jengo la KICC lilibuniwa na David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik, na likafunguliwa 1973. Wazazi wengi hupita hapo kila siku bila kujua.

Chini ya kila jengo refu weka chupa ya nusu lita iliyojaa mchanga. Bila hiyo, mlango ukifunguliwa na upepo ukaingia, Upper Hill yote inalala. Matatu zitakuwa kubwa kuliko kipimo, kwa sababu basi la mita 7 lingekuwa sm 3.5 na hakuna mtoto wa Nairobi atakayekubali nganya ya sm 3.5 isiyo na michoro. Waachie.

Kamba_na_Vibanio

Nijibu la kutundika, maana halijaguswa.

Kwenye chokaa hakuna kitakachoshika. Tepu inaondoka na unga wa ukuta. Kwa hiyo kamba. Leso 54, mistari mitatu ya leso 18. Kila kibanio kishike pembe mbili za leso zilizo jirani, zikipandana sm 1. Mstari mmoja unakuwa sm 703 na vibanio 19. Mistari mitatu, vibanio 57, nunua dazani tano. Kamba mita 8 kila mstari pamoja na za kufungia, nunua mita 30.

Kamba ya mita saba iliyofungwa ncha tu inabonyea katikati na leso zote zinateremkia huko. Ifungie kila mita 2: kwenye chuma za dirisha, kwenye boriti, au kwa kamba fupi inayoshuka kutoka kwenye mbao za paa. Misumari ya saruji ni ya mwisho, na kwa ruhusa. Mstari uwe sm 165 kutoka sakafuni. Leso inashuka sm 28, kwa hiyo jina linakaa mbele ya macho ya mtu mzima na mtoto bado anaweza kulionyesha kwa kidole.

Sehemu ya rangi ya mafuta itumie kwa vibandiko na vitu vyepesi. Ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ikauke, ndipo ubandike masking tepu. Asubuhi za Julai ukuta huwa na unyevu, kwa hiyo bandika mchana wa Alhamisi, si saa moja asubuhi Ijumaa.

Picha kubwa ipate ufito wa mita 2 juu na mwingine chini, wa juu ukiwa na vishikizo vitatu. Vikiwa viwili tu, ufito unapinda na mpasuko unatokea pale paneli zinapokutana. Luva za madirisha yaliyo karibu nayo zifungwe.

Kibandiko cha kila kazi, sm 10 kwa sm 4: jina la mtoto, jina la kazi, vifaa vilivyotumika. Kwa picha kubwa, weka kando yake ule mchoro mdogo wa sm 18 kwa 12 wenye miraba, na jina la mtoto ndani ya kila mraba. Mama atapata kipande cha mwanawe kwa sekunde chache badala ya kukuita wewe mara 54.

TichaUmoja

Nimeandika yote. Wiki ya kwanza: kipindi kimoja cha vitone, kimoja cha penseli. Ya pili: rangi ya picha kubwa, halafu penseli na pindo za leso. Ya tatu: mji, halafu majina. Swali la mwisho: kazi zikikaa darasani usiku zitakuwa salama? Tuna panya.

Gundi_ya_Ngano

Panya na mende hula gundi ya unga, na chumvi haiwazuii. Leso na picha yako hazina unga wa ngano, ni gundi nyeupe na tepu, kwa hiyo hazina shida. Chochote cha kadibodi kilichogundishwa kwa ngano kiwekwe juu ya meza iliyo mbali na ukuta, na gundi iliyobaki isilale darasani hata usiku mmoja. Vikombe vya rangi vioshwe pia. Na bamia uende nazo nyumbani.